Zamu ya Maji ya Mama Mbelewele

Ndugu na jamaa, majirani, wakulima wa kichwani na wa mkiani mwa mfereji, wafanyakazi wenzake wa zamani mliokuja na fimbo na dawa zenu mifukoni, na ninyi wajumbe wa kamati ya maji mliopewa viti vyenye mito hapo mbele chini ya turubai, mimi ni kitindamimba wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya maisha yake. Jana kwenye kikao cha familia baba mkubwa alinishauri kwa upole, akasema, "Mwanangu, soma tarehe, soma shule, shukuru watu, kaa chini," nami nikamjibu, "Sawa baba mkubwa, tarehe nitazisoma zote," na kweli nitazisoma zote, mojawapo ni ya jana, mwenye haraka avumilie.

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mbelewele mpaka mkasahau kwamba ana jina jingine, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa fundi seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, nyumba ambayo bibi alikuwa akilalamika kwamba hata chai yake inanukia gundi. Katika hao sita mmoja alimtangulia, ukimtoa na yeye wamebaki wanne, wote wamekaa hapa kulia kwangu, na mkitazama jinsi walivyokunja uso mtajua kwamba ukali wa mama haukuokotwa njiani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza mwaka 1974, akaendelea na sekondari ya bweni hadi mwaka 1978, na katika ripoti zake zote, walimu tofauti wenye miandiko tofauti waliandika jambo lile lile, kwamba ni hodari katika sayansi ila anajibu. Babu alipoitwa shuleni kuelezwa tatizo hilo alimwuliza mwalimu mkuu, "Kwani aliulizwa?" mwalimu mkuu akasema ndiyo, aliulizwa, babu akasema, "Sasa mlitaka afanyeje?" na kikao kikaishia hapo. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha kilimo, akahitimu tarehe 27 Novemba 1981 akiwa na stashahada ya uzalishaji wa mazao, na enzi zile, vijana wenzangu mnaozunguka na bahasha za vyeti, sikilizeni hili vizuri, mtu alikuwa anahitimu Novemba na Januari anaripoti kazini, no interview, no connection, hakuna cha "tutakupigia".

Tarehe 4 Januari 1982 aliripoti katika kituo cha utafiti wa mazao, akapangiwa shamba la majaribio ya umwagiliaji, na hapo alifanya kazi kwa miaka kumi na sita. Naomba niieleze kazi hiyo, maana chini ya turubai hili wapo waliomcheka nusu ya umri wao bila kujua wanacheka nini. Walikuwa wanapanda mahindi ya mbegu moja, siku moja, kwenye vipande vinne vya ardhi ile ile, kipande cha kwanza kinapata maji msimu mzima, cha pili kinanyimwa maji mahindi yakiwa ya magotini, cha tatu kinanyimwa pale mbelewele, yale maua ya mhindi yenye chavua, zinapochomoza kileleni na nywele zinapotoka kwenye hindi changa, cha nne kinanyimwa punje zikishakomaa, kisha wanavuna, wanapukuchua, wanapima, na msimu unaofuata wanarudia, ili asije mtu akasema ilikuwa bahati.

Kipande cha pili kilinuna, majani yakajikunja mchana kama sigara, mizizi ikashuka chini kutafuta unyevu, na maji yaliporudi kikasamehe, wakati wa mavuno kikapungukiwa kidogo tu. Kipande cha nne hakikuhisi chochote, maana punje iliyokomaa haina shida na maji, ukiimwagilia unaitafutia ukungu. Kipande cha tatu ndicho kilichomfundisha mama kazi yake, kwa sababu kilisimama kirefu, kijani, kimependeza kama bwana harusi, lakini ukimenya hindi unakuta mapengo, punje tatu hapa, punje tano kule, kama mdomo wa mtoto wa miaka saba, mavuno yakawa nusu, na misimu mingine hayakufika hata hiyo nusu. Chavua ya mbelewele haimsubiri mtu, inamwagika kwa siku chache na kwisha, na nywele za hindi lenye kiu huchelewa kutoka, zikija kutoka zinakuta sherehe imekwisha na viti vimeshakunjwa. Maji yakiletwa wiki inayofuata yatastawisha majani, ng'ombe watafurahi, lakini punje ambayo haikutungwa haitungwi tena. Hayo si maoni ya mama wala si siasa, mimi mwenyewe nimeyasoma chuo kikuu, nikayaandika kwenye mtihani, nikapata A, mama aliyajua kwa kuyapima, nami kwa kuyasoma, na nyumbani tulikubaliana kila kitu isipokuwa chumvi ya mboga.

Kuhusu ndoa, mwezi Agosti mwaka 1986 pampu ya kituo ilizima wiki ile ile ya mbelewele, akaitwa fundi pampu kutoka mjini, kijana mwembamba mwenye mfuko wa spana, akafika, akakaa kivulini, akauliza kama chai ipo, na mama akamwambia, "Bwana fundi, chai utakunywa mahindi yakishakunywa." Fundi huyo aliitengeneza pampu kabla jua halijazama, akarudi wiki iliyofuata kuikagua, akarudi na nyingine kuikagua tena, mpaka mkuu wa kituo akamwambia kwamba pampu nzima haikaguliwi mara nne, aseme shida yake. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, na fundi huyo, ambaye ndiye baba yetu aliyekaa pale na koti la kaka, husema mpaka leo hajui kama alioa au alipangiwa kazi.

Walijaliwa watoto watatu, kaka yetu aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1988, ambaye ni dereva wa lori, dada yetu aliyezaliwa tarehe 17 Februari 1991, ambaye ni fundi cherehani na ndiye aliyeshona gauni alilovishwa mama leo, na mimi niliyezaliwa tarehe 30 Juni 1995, mwenye shahada ya sayansi ya mazao niliyoipata mwaka 2018, shahada ambayo mpaka leo inakaa sebuleni kwenye fremu kama picha ya babu, si kwamba sijaomba kazi, nimeomba mpaka karani wa posta akaanza kuniita mfanyakazi mwenzake. Mama hakuwahi kunionea aibu kwa hilo, alikuwa akinitambulisha kwa wageni, "Huyu ni mtaalamu wa mahindi, kwa sasa yuko kitengo cha kula," wageni wanacheka, mimi nacheka, kisha wageni wakiondoka anabaki akiutazama mlango.

Tarehe 31 Machi 1998 kituo kilifungwa, alikuja mkubwa mmoja kutoka makao makuu akasoma hotuba ya kurasa sita kuhusu kuboresha ufanisi, watu arobaini na wawili wakaambiwa asante, na jengo lile leo ni ukumbi wa harusi, pale walipokuwa wanapima mahindi sasa wanakata keki. Mama aliondoka na cheti cha utumishi uliotukuka na jozi moja ya buti za mpira. Mwaka huo huo yeye na baba walipata, kwa jina la mama, shamba la ekari mbili katika mradi wa umwagiliaji, shamba la mwisho kabisa mkiani mwa mfereji, kwa kuwa ya kichwani yalikuwa yameshagawiwa watu wanaojuana, sitaji mtu, walioko kwenye viti vyenye mito wanajijua.

Kwa wageni mliotoka mbali, maji yetu yanatoka mtoni, yanashuka kwa mfereji mmoja wa saruji, yanapita mashamba ya kichwani kwanza, na pale mfereji unapoingia mkiani kuna mlango wa chuma wenye kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo anakaa nao mwenyekiti wa kamati ya maji. Kila shamba lina zamu yake ya maji, mara moja kila siku kumi, kwa kufuata namba ya shamba, shamba namba moja linaanza, la mwisho linamaliza, kisha zamu inarudi namba moja, uwe umepanda juzi au unavuna kesho, uwe na mbelewele au uwe na mabua makavu, namba yako ikifika unapewa, isipofika utajua mwenyewe. Kwa ajili ya namba hiyo mama aligombana na kamati kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 2011 mbelewele za mkiani zote zilitoka katikati ya zamu mbili, jua likiwa kali, na ofisa wa mradi alipokuja kukagua alishusha kioo cha gari, yeye mwenyewe hakushuka, akatazama mahindi kutoka barabarani, akasema, "Aisee, kijani kitupu, hongereni sana," akaandika kwamba hali ya mazao ni nzuri, akapandisha kioo. Kosa hilo la kutazama majani ukadhani umehesabu punje ndilo kosa la mradi huu tangu unaanza, na sijui kama kuna mahali pengine watu wazima wenye vyeo wamelifanya kwa juhudi kama hapa. Mavuno yalipokuja nusu, mama alijaza kikapu mahindi ya mapengo, akaingia nayo ofisini kwa kamati wakati wa kikao, akayamenya moja baada ya jingine juu ya meza, katikati ya chupa za soda, akasema, "Naomba wajumbe mnisaidie kutafuta punje, mimi macho yangu hayaoni vizuri."

Mwenyekiti, ambaye ni huyu huyu tuliye naye leo, alimwambia, "Mama, zamu ni usawa, kila mtu na siku yake," na mama akajibu, "Usawa wako ni wa kuwapa wagonjwa wote kidonge kimoja kwa kufuata namba ya kitanda, aliyevunjika mguu kidonge, mwenye malaria kidonge, halafu unashangaa wodi inanuka." Mwenyekiti akawageukia wenzake, akasema, "Huyu na mbelewele zake, iko siku ataota moja kichwani," wakacheka mpaka soda zikamwagika, na tangu siku hiyo mama yetu akawa Mama Mbelewele, jina la dhihaka, na kikao kilichofuata alifika wa kwanza, akajiandika kwenye karatasi ya mahudhurio kwa jina hilo hilo, kwa herufi kubwa, akakaa kiti cha mbele.

Kamati ilipokataa, aliacha kuomba, akazungumza na wenzake wanane wa mkiani, wengi wao akina mama, wakakubaliana jambo ambalo walilipa jina rahisi, kupisha. Mwenye mahindi ya magotini alimwambia mwenye mbelewele, "Zamu yangu chukua, nakupisha," na yeye zake zilipotoka akapishwa na mwingine, maji yakawa yale yale, mfereji ule ule, kilichobadilika ni nani anakunywa lini. Jirani yetu wa mpaka, Mama Mapacha, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupisha, na anapenda kusimulia jinsi alivyomwambia mama, "Mahindi yangu yakifa, wewe utanitafutia mume mwingine, maana huyu niliye naye atanitupia sufuria nje," na mama akamwambia, "Yakifa nakupa wangu, anajua na kutengeneza pampu." Hayakufa, yalikunja majani siku chache, yakainuka, na kuanzia mwaka 2012 hadi mwaka 2019 shamba la mkiani likawa linavuna kulipita la kichwani, bila tone moja la ziada, jambo ambalo mahali penye akili lingeandikiwa ripoti, watu wakaja na kamera.

Hapa kwetu lilipigwa marufuku. Tarehe 18 Februari 2020 kamati ilipitisha azimio kwamba zamu ya maji haihamishiki, anayepisha na anayepishwa wote watakosa maji msimu mzima, effective immediately, na sababu iliyotolewa ni kulinda utaratibu, lakini sababu yenyewe kila mtu aliijua, watu wa mkiani walikuwa wameanza kuuliza vikaoni kwa nini mtu wa kichwani ambaye mahindi yake yameshakauka anaendelea kupewa maji kwa sababu tu namba yake imefika. Mama aliuliza swali hilo mara tatu, mara ya nne akazimiwa kipaza sauti, akauliza bila kipaza sauti.

Kuugua kwake kulianza Novemba 2022, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na tarehe 20 Januari 2023 madaktari wa hospitali kubwa walituambia kwamba figo zimechoka, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Mtu aliyeishi kwa kupigania maji akawa anapimiwa maji kwa kikombe, vikombe viwili kwa siku, hesabu na chai na mchuzi humo humo, na alikuwa akikishika kile kikombe akimwambia dada yetu, "Naona kamati imenifuata mpaka huku." Lakini huko hospitalini aliona kitu ambacho kilimfurahisha, akakisimulia kila tulipokwenda kumwona, kwamba mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi, na kila asubuhi daktari wa zamu alipita kitanda kwa kitanda, anasoma vipimo, kisha anapanga upya, huyu hali yake inaweza kungoja mpaka mchana, yule asiposafishwa sasa hivi hatuna naye kesho. Siku moja aliambiwa ampishe kijana mmoja aliyeletwa akiwa hajitambui, akampisha, akakaa kwenye benchi la korido mpaka saa kumi, na daktari alipokuja kumwomba radhi alimwambia, "Usiniombe radhi, daktari, wewe njoo ugombee uenyekiti wa mfereji wetu."

Mwaka huu, akiwa kitandani, alihesabu kurudi nyuma kutoka kwenye zamu, akamwagiza baba apande tarehe 8 Machi, isiwe kabla wala baada, ili mbelewele zitoke pamoja na zamu yetu ya Jumatano tarehe 15 Mei, maana ukinyimwa haki ya kupisha kilichobaki ni kuitegea namba. Baba alipanda. Ijumaa tarehe 10 Mei mbelewele zilichomoza shamba zima, baba akavunja moja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akapanda nayo gari mpaka wodini, na mama akaishika, akainusa, akaitikisa juu ya shuka jeupe mpaka vumbi la manjano likamwagika, muuguzi akaja akauliza kwa ukali, "Nani amechafua shuka?" na mama akasema, "Mchumba wangu huyu, mzee mzima ananiletea maua." Jumapili tarehe 12 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia, baba akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Historia za marehemu huwa zinaishia hapo. Ya mama yetu haijaishia hapo, na ndiyo sababu mnaniona nimeshika karatasi mbili wakati wenzangu hushika moja.

Jumatatu tarehe 13 Mei, turubai hili likiwa bado linafungwa kamba, mjumbe wa kamati aliingia nyumbani akiwa na bahasha mbili, ya kwanza rambirambi, ya pili barua, akampa baba zote kwa mikono miwili kwa heshima zote. Barua inasema kwamba kwa mujibu wa kifungu cha tisa cha katiba ya kamati, zamu ya mwanachama aliyefariki inasimama mpaka mrithi athibitishwe, na mrithi atathibitishwa kwenye kikao cha mwisho wa mwezi, akiwa na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia, na mhuri wa serikali ya mtaa. Kifungu hicho kilitungwa ili ndugu wasigombanie maji ya marehemu, na ni kizuri kwa familia zinazogombana, kwetu hakuna anayegombana, mrithi ni mume wake, mnayemwona, aliyelipanda shamba hilo kwa mkono wake. Baba alivaa viatu, akaenda kwa mwenyekiti, akamweleza kwamba mbelewele zimetoka, kwamba mwisho wa mwezi zitakuwa zimekauka, kwamba chakula cha nyumba hii cha mwaka mzima kimesimama pale kinangoja maji ya siku moja, na mwenyekiti akamshika bega, akamwambia, "Mzee mwenzangu, nalia pamoja na wewe, lakini katiba ni katiba, halafu usiwe na wasiwasi, nimepita pale juzi, mahindi yako ni kijani kabisa."

Kijani. Zaidi ya miaka kumi baada ya kile kikapu, mbele ya mume wa marehemu, mtu yule yule aliyeonyeshwa mapengo anasema kijani.

Mama Mapacha, ambaye zamu yake ilikuwa Jumanne na mahindi yake yako magotini, alikwenda ofisini kusema kwamba ampishe marehemu, kwa mara hii moja tu, akaambiwa akithubutu atakosa maji msimu mzima na watoto wake watakula azimio. Jana, Jumatano tarehe 15 Mei, ile tarehe niliyowaahidi, siku ambayo mama aliihesabu akiwa kitandani, mlango wa mkiani ulifungwa kwa kufuli, na kwa kuwa shamba letu ndilo la mwisho, zamu iliruka ikarudi namba moja, na namba moja ni shamba la mwenyekiti, ambaye mahindi yake yamekauka kwenye maganda yanangoja kuvunwa. Jana jioni nilikwenda kwa miguu yangu, nikaona maji yanazunguka mabua makavu, kunguru wanaoga. Leo ni zamu yake halali, kwa hiyo wanaoga tena.

Mnisamehe sauti, nimeambiwa msibani watu hawapandishi sauti, lakini naomba mnielewe, sisi hatujafiwa na maarifa, maarifa yapo, yalipimwa, yakafundishwa, yapo kwenye vitabu, yapo kwenye fremu sebuleni kwetu, yalikuwa kwenye kile kikapu mezani pa kamati, na kwa muda wote huo jibu limekuwa ni namba ya shamba.

Kwa niaba ya familia, natoa shukrani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliompa mama mwaka mmoja na miezi minne tusiyoitegemea, na ambao waligawa kidogo walichokuwa nacho kwa kuangalia nani atakufa asipopata, tunawashukuru kwa matibabu na kwa mfano pia, na yule muuguzi wa shuka tunamwambia pole na asante. Tunawashukuru majirani wa mkiani, wanaopika hapo nyuma tangu Jumapili, na Mama Mapacha kipekee, kwa kusimama ofisini akasema alichosema akiwa peke yake. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kituo, ambao mlikaa na baba mkakumbushana vipande vile vinne mpaka akatabasamu. Kamati ya maji tunaishukuru kwa rambirambi, bahasha tumeipokea, na barua pia tumeipokea.

Mwisho kuna badiliko la ratiba. Karatasi mliyonayo inasema baada yangu mwenyekiti atatoa salamu za kamati, dakika tano, kisha msafara utapita barabara ya shuleni kwenda makaburini. Jana usiku nilipomsomea baba mkubwa maandishi haya aliniambia niyapunguze, nikamwuliza kama ameliona shamba, akasema hajaliona, na leo asubuhi akachukua fimbo yake akaenda kuliona, aliporudi suruali yake ilikuwa ya manjano kwa chavua mpaka mapajani, akakaa, akanywa maji, akasema, "Soma yote." Kwa hiyo hili si la kwangu, ni la baba, baba mkubwa, kaka, dada, na wajomba na mama wadogo wote wanne.

Salamu hatutazihitaji. Msafara utapita njia ya mfereji, kaka ameshageuza gari, na tukifika kwenye mlango wa maji tutasimama, tutamshusha mama, tutamweka pale kando ya mlango kwenye saruji, na tutangoja. Hatutavunja kufuli, wala hatutamgusa mtu, wala hatutamtukana mtu zaidi ya hapa, vijana mliokuja na nyundo tafadhali zirudisheni nyumbani, mama alikuwa mtu wa kujibu, hakuwa mtu wa kuvunja. Ufunguo uko kwenye mkanda wako, mwenyekiti, upande wa kulia, pamoja na funguo za nyumbani kwako, sote tunauona tangu asubuhi, na maji ya leo ni yako, mahindi yako hayayataki. Ukifungua, tutamwinua mama tuendelee na safari, na jina lako litatajwa kwenye shukrani za arobaini. Usipofungua, tutakaa naye, yeye hana haraka tena, wenye haraka ni mbelewele, zimebakiwa na siku chache, na watu wote hawa watakuwepo wakikutazama unavyozihesabu.

Mama yetu, pumziko lako na liwe la amani, tutakufikisha, ila kwanza twende mlangoni.